Nyumba Moja, Mitaa Miwili: Kuhamisha Sifa kati ya Matabaka ya Ramani Yanayolaliana

Juma lililopita, mdogo wangu mmoja ambaye tunafanya naye kazi ya ramani hapa Goma, mashariki mwa Kongo, aliniletea kompyuta yake akiwa na wasiwasi. "Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "niliingiza nyumba zangu zote, nikataka kila moja ipokee jina la mtaa wake, na sasa nimerudishiwa nyumba nyingi kuliko zile nilizoingiza." Nilimwomba afungue jedwali, tukalipanga kwa namba ya nyumba, na jambo likaonekana mara moja: nyumba kadhaa zilikuwa zimeandikwa mara mbili, mara ya kwanza zikiwa na jina la Mabanga Kaskazini na mara ya pili zikiwa na jina la Mabanga Kusini. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Programu ilikuwa imejibu swali ililoulizwa, na swali lenyewe lilikuwa na majibu mawili.

Nilimweleza kwa mdomo siku hiyo, lakini nimeona niliandike jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa nimelikuta kwa wanafunzi, kwa wauguzi wanaochora maeneo ya afya, na kwa watu wa miradi ya maji. Wote hujua kufungua matabaka mawili na kuyalaza moja juu ya jingine. Kinachowasumbua ni namna ya kuzifanya sifa za tabaka la chini zipande kwenye tabaka la juu bila kusema uongo njiani.

Tabaka la ramani ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, yaani maumbo na jedwali. Kila umbo, liwe nukta ya bomba la maji, mstari wa avenyu au poligoni (umbo lililofungwa pande zote) ya mtaa, lina mstari wake katika jedwali, na katika mstari huo ndimo zinamokaa sifa zake: jina, mwaka, idadi, hali. Majedwali mawili yakiwa na safu inayofanana, kwa mfano namba ya mtaa iliyoandikwa kwa namna moja pande zote mbili, kuyaunganisha ni kazi ya dakika moja. Lakini nyumba iliyochorwa kutoka kwenye picha ya setilaiti haina namba ya mtaa. Haina anwani wala jina. Kitu pekee inachoshiriki na mtaa ni ardhi inayoikalia, na kwa hiyo mahali penyewe ndipo panapotumika kama ufunguo wa kuunganisha.

Kwamba nyumba fulani imo katika mtaa fulani, hapa kwetu, si suala la karani peke yake. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali ya mkoa iliwaamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji kuondoka mara moja. Amri ile ilitolewa kwa majina ya mitaa, na watu wakafunga mizigo kuelekea Sake, Gisenyi na Bukavu. Mtu anayetaka kujua baadaye ni nyumba ngapi zilizohusika, au ni shule zipi na mabomba yapi yaliyobaki bila watu, hana budi kuanza kwa kuliandikia kila umbo jina la mtaa wake. Ndiyo maana sipendi kuona safu ile ikijazwa kwa haraka.

Programu ninayotumia ni QGIS, kwa sababu ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta, jambo ambalo mtu wa Goma analithamini. Gary Sherman aliianza mwaka 2002, mwaka ule ule ambao lava ilipita katikati ya mji wetu, nami kila ninapochora mipaka ya lava hiyo ndani ya programu hiyo hukumbuka kwamba vitu hivyo viwili vina umri mmoja. Wengi wetu tunaifungua kwa Kifaransa, na zana tunayoizungumzia huandikwa pale « Joindre les attributs par localisation », yaani kuunganisha sifa kwa mahali. Zana hii inakuuliza mambo manne: tabaka gani linapokea, tabaka gani linatoa, uhusiano gani wa mahali uangaliwe, na kifanyike nini umbo moja likipata majibu zaidi ya moja. Maswali mawili ya mwanzo kila mtu huyajibu vizuri. Mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua ubora wa kazi yote, na ndiyo ambayo watu huyaacha kama walivyoyakuta.

Tuanze na uhusiano wa mahali. Chaguo ambalo wengi hulichukua ni la kukutana, yaani maumbo mawili yana angalau nukta moja ya pamoja. Ni chaguo pana mno, kwa kuwa hata kugusana ukutani kunahesabiwa kuwa ni kukutana: nyumba ambayo ukuta wake umelala juu ya mpaka wa mtaa wa jirani itapokea jina la mtaa huo hata kama hakuna mtu anayelala ng'ambo. Chaguo la kuwa ndani ni kali zaidi, kwa kuwa linataka umbo lote limo ndani ya jingine, na hapo nyumba iliyokatwa na mpaka haitapokea jina lolote, wala la upande huu wala la upande ule. Kuna ukali mwingine ambao wengi hawautarajii. Nukta iliyokaa juu ya mstari wa mpaka kabisa haihesabiwi kuwa ndani ya poligoni yoyote, maana mpaka si sehemu ya ndani. Bomba la maji lililochorwa kwenye ukingo wa avenyu inayotenganisha mitaa miwili, tena likavutwa na kipanya hadi likanasa kwenye mstari, litapata mitaa miwili ukiuliza kama vinakutana, na halitapata mtaa hata mmoja ukiuliza kama limo ndani. Majibu yote mawili ni sahihi kwa hesabu za jiometri, na yote mawili hayamsaidii fundi anayetafuta kujua ni kiongozi gani wa mtaa wa kumwandikia barua.

Kwa nyumba na mitaa, msimamo wangu ni huu: nyumba moja inapaswa kuwa na mtaa mmoja, kwa sababu mwenye nyumba anajua ni kwa chifu gani anakoenda kuchukua karatasi, na hata kundi lake la nyumba kumi analijua. Mpaka unaoikata nyumba yake katikati ni kosa la mchoro wetu na haumhusu yeye. Kwa hiyo sitaki programu inirudishie mistari miwili. Kuna njia mbili nzuri za kuhakikisha hilo. Ya kwanza ni kuiambia programu ichukue sifa za umbo lile linalofunika sehemu kubwa zaidi: nyumba ya mita za mraba 120 ikiwa na mita 90 upande wa Mabanga Kaskazini na mita 30 upande wa Mabanga Kusini, itaandikwa Mabanga Kaskazini, na habari itaishia hapo. Ya pili, ambayo ni nyepesi kwa kompyuta, ni kutengeneza kwanza nukta moja wakilishi kwa kila nyumba, kuipa nukta hiyo jina la mtaa, kisha kulirudisha jina kwenye nyumba kwa kutumia namba yake. Nukta moja haiwezi kuwa mahali pawili, na kwa hiyo majibu mawili hayatokei isipokuwa pale ambapo poligoni za mitaa zenyewe zimepandiana.

Ninasema nukta wakilishi, wala sisemi kitovu, kwa makusudi. Kitovu ni wastani wa umbo, na jengo lenye umbo la U, kama shule nyingi zilivyojengwa kuzunguka uwanja, kitovu chake huangukia uwanjani, nje ya jengo. QGIS ina zana nyingine inayoweka nukta mahali ambapo lazima pawe juu ya umbo lenyewe, na hiyo ndiyo ya kutumia. Tofauti ya mita chache haina uzito katikati ya mtaa, lakini ukingoni mwa lava, ambako jengo moja limesimama juu ya mwamba na jirani yake limesimama juu ya udongo, mita hizo ndizo habari yenyewe.

Kuna chaguo la tatu ambalo ninaliogopa: lile la kuchukua jibu la kwanza tu. Idadi ya mistari inabaki sawa, jedwali linaonekana safi, na kila mtu anaridhika. Lakini neno "la kwanza" hapa linamaanisha la kwanza katika mpangilio wa faili, na mpangilio wa faili unatokana na nani alichorwa kabla ya mwingine. Ikiwa Mabanga Kusini ilichorwa asubuhi na Mabanga Kaskazini jioni, nyumba za mpakani zote zitahamia kusini bila sababu nyingine yoyote. Ni heri mistari iliyojirudia, inayokulazimisha uulize, kuliko usafi wa namna hiyo.

Kabla ya yote hayo, matabaka yenyewe yanahitaji kutazamwa. Mipaka ya mitaa tunayoigawana hapa mjini imechorwa na mikono tofauti, juu ya picha za miaka tofauti, na picha za setilaiti hazilingani mita kwa mita. Ukisogeza ramani karibu utaona nyufa nyembamba kati ya mitaa, ambamo nyumba hukosa mtaa, na ndimi nyembamba za kupandiana, ambamo nyumba hupata miwili. Utaona pia poligoni zilizojikata zenyewe kama namba 8, ambazo programu hukataa kuzifanyia kazi mpaka zitengenezwe kwa zana ya kurekebisha maumbo. Ninashauri nyufa zizibwe katika tabaka la mitaa lenyewe, mara moja, badala ya kurekebisha matokeo nyumba kwa nyumba kila mwezi.

Halafu kuna suala la vipimo. Matabaka mengi huja kwa latitudo na longitudo, na humo eneo hupimwa kwa digrii za mraba, kipimo kisichomfaa mtu yeyote. Goma iko karibu na longitudo ya digrii 29.2 mashariki, kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mfumo wetu wa kutaja mahali kwa mita ni ule uitwao UTM, kanda ya 35 Kusini, ambao katika orodha ya mifumo ya programu una namba 32735. Mkoa wetu unavuka ikweta. Mtu anayeunganisha kazi ya Goma na ile ya Butembo au Beni atakutana na faili za kanda ya 35 Kaskazini, na kati ya mifumo hiyo miwili kuna tofauti ya mita milioni 10 katika namba za kaskazini, yaani zile zinazohesabiwa kuelekea kaskazini. Programu huweza kugeuza mfumo mmoja kuwa mwingine yenyewe, ilimradi mfumo wa kila faili uwe umetangazwa kwa haki. Faili ambayo mfumo wake umetangazwa vibaya huenda kuangukia mbali, na zana hurudisha safu tupu bila kulalamika.

Sasa nifike kwenye mfano ambao ndio uliompa mdogo wangu kazi ya siku mbili, na ambao mimi mwenyewe naupenda kuliko yote. Baada ya majina ya mitaa, alitaka kila nyumba ijue imesimama juu ya lava ya mwaka gani. Tuna matabaka ya milipuko mitatu: ule wa tarehe 10 Januari 1977, ule wa tarehe 17 Januari 2002, ambao lava yake ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita mjini na kuingia katika Ziwa Kivu, na ule wa Mei 2021. Kwa mitaa, kupandiana ni kosa. Kwa lava, kupandiana ni ukweli wa mlima: upande wa kaskazini, mtiririko mmoja umepita juu ya mwingine, na nyumba iliyojengwa pale ina haki ya kuwa na miaka miwili.

Hapo ndipo nilipomuuliza: unataka kujua nini hasa kuhusu nyumba hiyo? Kama swali ni mwamba gani fundi aliuvunja alipochimba msingi, basi jibu ni mwaka wa karibuni kabisa kabla ya nyumba kujengwa. Kama swali ni mara ngapi ardhi ile imefunikwa, jibu ni hesabu ya mitiririko. Kama swali ni nyumba ipi iliyosimama pale ikateketea mwaka 2021, basi miaka mingine haihusiki kabisa. Alitaka mambo mawili ya kwanza, na kwa hayo kuna zana dada ya ile ya awali, inayounganisha kwa mahali huku ikifanya muhtasari. Tuliyaweka matabaka matatu ya lava katika faili moja yenye safu ya mwaka, tukaitumia zana hiyo juu ya nukta wakilishi za nyumba, tukaomba hesabu na thamani ya juu kabisa ya mwaka. Kila nyumba ikabaki na mstari wake mmoja, ikiwa na safu mbili mpya: mara ngapi, na mara ya mwisho lini. Anayetaka kufanya hivyo bila kutengeneza faili mpya kila mara anaweza kutumia fomula za kikokotoo cha safu ambazo majina yake huanza na overlay, zilizoingizwa katika toleo la 3.16; hizo hurudisha orodha ya majibu yote, nawe unachagua la kuchukua.

Idadi za watu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo nimeona makosa mazito zaidi. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ni ya mwaka 1984, hivyo namba tunazofanyia kazi ni zile zinazokusanywa na viongozi wa mitaa. Lakini wauguzi hufanya kazi kwa maeneo ya afya, na mipaka ya maeneo hayo haifuati mitaa. Mtu hulaza tabaka moja juu ya jingine, anahamisha safu ya idadi ya watu kwa zana ile ile ya majina, na mtaa wa watu 30,000 uliogawanyika katika maeneo mawili ya afya unatoa watu 30,000 huku na watu 30,000 kule. Chanjo zinaagizwa kwa watu ambao hawapo. Jina linaweza kurudiwa bila kuharibika, lakini hesabu ya watu haiwezi, inabidi igawanywe.

Njia ya kawaida ya kuigawa ni kukata mitaa kwa mipaka ya maeneo ya afya kwa zana ya makutano, kupima kila kipande, na kukipa fungu linalolingana na ukubwa wake. Tuseme mtaa ule una hekta 200, na hekta 80 zimo katika eneo la kwanza: hiyo ni asilimia 40, kwa hiyo watu 12,000 huku na 18,000 kule. Hesabu hiyo inadhani kwamba watu wamesambaa sawasawa kama unga uliopepetwa juu ya meza, na yeyote aliyetembea Goma anajua kwamba sivyo. Kuna uwanja wa ndege, kuna vilima, kuna lava ambayo bado haijajengwa. Tabaka la nyumba linatusaidia kuliko ukubwa wa ardhi. Ikiwa mtaa una nyumba 5,000 na nyumba 1,000 tu ndizo zilizo katika eneo la kwanza, basi fungu lake ni asilimia 20, yaani watu 6,000, na waliobaki 24,000 ni wa eneo la pili. Tangu mwaka 2021, Google imetoa bure maumbo ya majengo ya sehemu kubwa ya Afrika, na wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, wamechora mengi ya mji wetu, kwa hiyo hakuna sababu tena ya kugawa watu kwa hekta.

Kinyume chake, msongamano haugawanywi. Mtaa wenye watu 150 kwa hekta, ukikatwa vipande viwili, kila kipande kinabaki na 150 hadi tupate habari bora zaidi. Ukichukua asilimia 40 ya 150 utapata 60, namba isiyoelezea mahali popote duniani. Asilimia na wastani navyo ni hivyo hivyo. Kabla ya kuhamisha safu yoyote ya namba, mimi hujiuliza kama umbo likikatwa katikati namba hiyo ingepungua au ingebaki, na jibu la swali hilo ndilo linaloniambia zana ya kufungua.

Neno dogo kuhusu faili. Umbizo la zamani la faili za ramani, shapefile, linakata majina ya safu yasizidi herufi 10, na neno la Kifaransa population lina herufi 10 kamili. Safu za population_2020 na population_2021 zikihifadhiwa humo zinapoteza miaka yake, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. Hifadhi katika GeoPackage, umbizo jipya zaidi lisilokata majina hivyo.

Tulipomaliza na mdogo wangu, tulihakiki. Mistari ya nyumba ilikuwa sawa na ile ya mwanzo. Jumla ya watu katika maeneo ya afya ilikuwa sawa na jumla ya watu katika mitaa. Kisha tukachuja nyumba ambazo safu ya mtaa ilikuwa tupu, tukitarajia kuona zile za kwenye nyufa. Tulizikuta chache za nyufa, lakini nyingi zilikuwa zimekusanyika kaskazini, upande wa Buhene. Yeye alitaka kuzifuta, na zana yenyewe ina kisanduku cha kuacha maumbo yasiyopata jibu, ambacho kwa bahati hakuwa amekiteua.

Nilimwomba awashe tabaka la lava ya mwaka 2021. Buhene haimo katika mitaa 18 ya mji. Imo katika uchifu wa Bukumu, teritwari ya Nyiragongo, na tabaka la mitaa linaishia pale mji unapoishia. Lava ya 2021 haikuishia kwenye mpaka huo kwa heshima ya karatasi: ilikata barabara ya Rutshuru na kuunguza nyumba za Buhene, nazo ndizo zilizokuwa na safu tupu. Tungezifuta, faili yetu ingesema kwamba mlipuko ule karibu haukugusa makao ya watu. Tulitafuta tabaka la vijiji vya teritwari, tukaliunganisha na lile la mitaa, tukairudia kazi tangu mwanzo, na safari hii safu tumeipa jina la "makao" badala ya "mtaa".